Naomba ushauri: kipenyo cha molekuli kinashuka kila nikiongeza ukolezi
Ndugu wanajamvi, salaam. Ninapima kwa mtawanyiko wa mwanga wa leza (kifaa hukokotoa kipenyo kutokana na kasi ya molekuli kusambaa) ukubwa wa molekuli za polistireni (plastiki yenye molekuli ndefu kama minyororo), zenye masi ya gramu 200,000 kwa moli, zikiwa zimeyeyushwa katika kiyeyushi cha toluini. Kwa gramu 1 kwa lita napata kipenyo cha nanomita 22, lakini kwa gramu 10 kinashuka hadi 16, ingawa minyororo ni ileile, ikijikunja na kujikunjua bila kukoma. Nimechuja upya kuondoa vumbi, nikahakiki mnato wa toluini na kudhibiti joto kwenye nyuzi 25, hali haikubadilika. Nashuku minyororo inasukumana, hivyo inasambaa haraka na kuonekana midogo.

Je, nipime kwa kolezi kadhaa zilizo hafifu kisha nirefushe mstari wa grafu ya matokeo hadi ukolezi sifuri? Na kipenyo hicho kinahusianaje na wastani wa umbali wa sehemu za mnyororo kutoka kitovu chake cha masi?