HDL 1.15 kwangu wameandika iko chini, kwa mume wangu hiyo hiyo 1.15 iko sawa. Kivipi?

Mama wa Wawili

Habari za jioni wadau, naombeni msaada wenu maana tangu jana usingizi hauji vizuri. Jumamosi mimi na mume wangu tulipima afya, kazini kwake walileta watu wa maabara wakasema kila mfanyakazi aje na mwenza wake asubuhi bila kula kitu. Majibu yametoka jana. Kwenye mafuta mazuri, ile HDL, mimi nimepata 1.15 na mume wangu naye 1.15, yaani namba ile ile, lakini yangu imewekewa herufi L (yaani iko chini) pembeni na ya kwake haina kitu. Nikamuuliza dada aliyekuwa anagawa karatasi akanijibu tu wanawake mna kiwango chenu, akaita mtu mwingine.

Vingine ni hivi. Mimi miaka 43, sukari kabla ya kula 5.4, triglisiraidi (yale mafuta mengine ya kwenye damu) 1.1, presha 122 kwa 78. Mume miaka 47, sukari 5.9, triglisiraidi 1.5, presha 138 kwa 88. Yeye anasema yuko fiti kwa sababu karatasi yake haina herufi hata moja, na ananiambia mimi ndio nipunguze mafuta kwenye mboga. Je nina ugonjwa wa moyo? Naogopa jamani, mama yangu alianguka na kiharusi.

Mpima Damu

Pole sana dada, tulia kwanza, hiyo L peke yake sio ugonjwa wa moyo. Mimi nipo maabara mwaka wa 11 sasa na hili swali naulizwa mara nyingi, bahati mbaya pale dirishani kuna foleni mtu hapati maelezo.

Iko hivi, mwanamke kabla hajakoma hedhi mwili wake unatengeneza homoni ya estrojeni kwa wingi, na hiyo inaenda pamoja na HDL kuwa juu kuliko ya mwanaume. Kwa hiyo mwanaume tunaanza kuhesabu iko chini ikiwa pungufu ya 1.03, mwanamke ikiwa pungufu ya 1.29. 1.15 yako imeangukia katikati hapo, ndo maana kwake inapita na kwako inagoma.

Ila kinachonisumbua mimi kwenye hizo karatasi mbili ni ya shemeji, sio yako. Mashine inaangalia kila kipimo kivyake, haijumlishi. Kuna kitu kinaitwa sindromu ya metaboliki, sio ugonjwa mmoja, ni mkusanyiko wa dalili zinazotembea pamoja, na mtu akiwa nazo uwezekano wa kupata kisukari na magonjwa ya moyo unapanda. Vinaangaliwa vitu vitano, kiuno, presha, sukari kabla ya kula, triglisiraidi na HDL, ukigonga vitatu kati ya vitano tayari unayo. Kiuno hujaandika. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, simameni bila nguo tumboni, pitisha katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida bila kubana tumbo, halafu soma. Lete namba.

Mama wa Wawili

Nimerudi, asante sana kaka. Mimi sentimita 89. Mume alikataa mwanzoni, akasema suruali yake ni 36 miaka yote haijabadilika kwa hiyo kiuno anakijua. Nikamwambia simama tu nione, kumbe mkanda anaufunga chini ya tumbo, tumbo lote limekaa juu ya mkanda, suruali itaongezekaje namba? Futi ikasoma 104. Akaomba nirudie, ikasoma 104 tena, akakaa kitandani kimya.

Mpima Damu

Sasa hesabu na mimi dada. Kiuno kwa wanaume wa huku kwetu wengi wanatumia 94 na wanawake 80, kuna vigezo vya Marekani vinavyotumia 102 na 88, nyie wote wawili mmepita hata hivyo vya Marekani. Shemeji: kiuno moja. Presha mpaka ni 130 kwa 85, yeye ana 138 kwa 88, mbili. Sukari mpaka ni 5.6, yeye 5.9, tatu. Karatasi nyingi huku zimeandikwa kawaida mpaka 6.1 ndo maana hakuwekewa H, ile ya kuonyesha iko juu. Kwa hiyo mwenye karatasi safi ndiye mwenye vitatu, wewe uliyelia una viwili, kiuno na HDL.

Na msijifariji na triglisiraidi, mpaka wake ni 1.7 na nyie wote mko chini, lakini sisi wenye asili ya Afrika triglisiraidi zetu mara nyingi hubaki chini hata pale mwili umeshakuwa sugu kwa insulini, ile homoni ya kushusha sukari. Nimeona watu wengi sana wana 1.2 na kisukari wanacho.

Presha arudie siku nyingine akiwa amekaa dakika tano ametulia, kipimo kimoja hakitoshi kumpa mtu dawa. Akapime na HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, hapo ikisoma asilimia 5.7 mpaka 6.4 yuko mlangoni mwa kisukari. Kama ana chembe za selimundu, zile AS, yaani amerithi kwa mzazi mmoja tu, amwambie daktari maana kipimo hicho kinaweza kusoma chini kuliko hali yenyewe, sana sana ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa.

Nesi wa Kliniki ya Mama

Samahani naingilia. Mama wa Wawili, ulipokuwa mjamzito uliwahi kuambiwa una sukari?

Mama wa Wawili

Ndio, mimba ya pili, miezi saba hivi. Nilipojifungua ikashuka wakaniambia imeisha. Sijapima tena mpaka Jumamosi hii, mtoto ana miaka 9.

Nesi wa Kliniki ya Mama

Mdogo wangu, hapo ndipo tunapowapoteza wanawake. Mama aliyepata kisukari cha mimba uwezekano wake wa kupata kisukari chenyewe baadaye ni karibu mara saba ukimlinganisha na asiyepata, na anatakiwa apimwe kila mwaka mmoja mpaka mitatu maisha yake yote. 5.4 ya asubuhi ni nzuri lakini haitoshi kwako, kaombe kile cha kunywa glukosi gramu 75 halafu unapimwa baada ya masaa mawili, ikifika 7.8 kuna shida imeanza. Na una miaka 43, hedhi ikianza kuyumba estrojeni inashuka, mafuta yanahama kutoka mapajani yanakuja tumboni, HDL nayo inaweza kushuka. Nenda sasa hivi, usisubiri huko. Daktari mwambie na habari ya mama yako.

Baba Wanne

Mimi naongea na mumeo. Kaka nilikuwa hivyo hivyo, asidi ya yuriki 490 wakati mwanaume haitakiwi ipite 420, GGT, kile kipimo cha ini, iko juu, mimi nasema sijisikii kuumwa. Kila wikendi bia na mbuzi choma. Siku jongo liliponipata, dole gumba la mguu likavimba usiku, hata shuka nilikuwa sitaki liliguse. Usisubiri dole gumba. Niliacha soda na bia kwanza, nikapunguza ugali nikaongeza mboga, nikaanza kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani natembea, miezi sita kiuno kikatoka 108 mpaka 99.

Mama wa Wawili

Nimemsomea yote kwa sauti. Ya Baba Wanne ameomba nimsomee mara mbili. Jumatatu tunaenda wote, yeye presha na HbA1c, mimi hiyo glukosi. Chai ya leo ameinywa bila sukari, sijamwambia mimi.