Naomba ushauri: tuta au mfereji wa kuchepusha maji ya mafuriko?

Ndugu wataalamu na wanakikundi, habari za kazi.

Kijito kinachopita kando ya kijiji chetu hufurika kila mvua kubwa inaponyesha, na maji huingia majumbani kupitia kona moja kali ambapo ukingo umeliwa hadi mizizi ya miti inaning'inia. Tulizoa matope na kupanga mifuko ya mchanga, lakini mafuriko yaliyofuata yaliisomba yote.

Tuta ni rahisi kulijenga, ila nahofia litasukuma maji kwa majirani wa ng'ambo, na likibomoka ghafla madhara yatazidi ya awali. Mfereji wenye kizingiti cha mawe, kinachopitisha maji ya ziada tu, unanivutia zaidi. Tatizo ni mteremko mkali, kwa kuwa mteremko ukizidi mara mbili, kasi ya maji ya kina kilekile huongezeka kwa takriban asilimia 40, na sidhani kama nyasi pekee zitahimili.

Je, ni bora kuvunja kasi kwa ngazi za gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe), au kutandika mawe mfereji wote? Na je, mfereji uungane na kijito kwa pembe gani ili usichimbe ukingo wa pili?