Machame au Whiskey? Jina la njia ya Kilimanjaro kwenye ramani

magoti_yamegoma:
Wakuu, habari za jioni. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka tisa, sasa niko Moshi nachora njia kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Nimekwama kwenye majina. Sisi wapagazi Marangu tunaiita Coca-Cola, maana ina vibanda vya kulala na haikuumizi sana. Machame ni Whiskey. Hakuna kibao kilichoandikwa hivyo, ila mwambie mpagazi "kesho Whiskey" uone kama atapotea geti. Niandike lipi?

Halafu kuna mtu amejaza kwenye jina: "Machame siku 6 mandhari bora kushuka Mweka". Nikifuta ni ugomvi?

Na kutoka kambi ya Barranco mpaka kambi ya Barafu, wageni wa Machame na wa Lemosho, njia nyingine ya kupandia, wanapita kijia kilekile. Hicho nakiitaje?

mchoraji_wa_Tanga:
Futa mkuu, sio ugomvi. Sehemu ya `name` ni ya jina peke yake. Siku na mandhari ni maelezo, yana `description` yake, na inakoanzia na kuishia kuna `from` na `to`. Ukihifadhi badiliko eleza sababu, mwenzio asidhani umemvizia. Whiskey iweke kwenye `alt_name`, sehemu ya jina mbadala.

bi_dira:
Mimi ningeiweka `loc_name`, ndiyo sehemu ya jina la wenyeji.

Kuhusu Barranco, fikiria daladala. Barabara ni moja, ruti mbili zinapita, na hakuna anayeandika jina la ruti kwenye lami. Tengeneza relesheni, yaani kundi linalounganisha vipande vya njia moja, ya Machame na nyingine ya Lemosho, zote `type=route` na `route=hiking` (njia ya miguu), kisha vipande vya kijia viwe wanachama wa zote mbili. Kijia kibaki na jina lake chenyewe kama kinalo. Ule ukuta wa Barranco unalo, usiufute.

mchoraji_wa_Tanga:
Sawa, `loc_name`, nakubali. Ila ongeza na `name:sw`, jina la Kiswahili, "Njia ya Machame".

magoti_yamegoma:
Kaka, hiyo "Njia ya Machame" umeisikia wapi? Huku tunasema "tumepanda Machame", basi. Nikiweka tafsiri ambayo hakuna anayeitamka, si nitakuwa nimetunga jina?

mchoraji_wa_Tanga:
Hapo umenibana. Iache.

kijana_wa_geti:
Samahani wakuu, ile ya "siku 6 mandhari bora" niliandika mimi. Nilikuwa natafuta wateja.

magoti_yamegoma:
Hahaha, nimeshafuta mdogo wangu! Na Mweka, ile ya kushukia, nimeipa relesheni yake, maana hata wanaopandia njia ya Umbwe wanashukia huko. Imebaki Kilema, ile ya baiskeli.

bi_dira:
Hiyo weka `route=mtb`, yaani ya baiskeli za milimani, usiichanganye na za miguu. Kwenye `name` andika Kilema tu, neno baiskeli lisiingie humo.