Kompyuta ya zamani inagoma ikiwa baridi: ni kapasita?

Sandarusi: Wakuu, nina kompyuta ya mezani ya mwaka 2003, Pentium 4. Ikilala imezimwa, asubuhi feni zinazunguka lakini kioo cheusi. Nikizima na kuwasha mara kadhaa inakubali, na ikishapata moto inafanya kazi kutwa nzima. RAM na pawa saplai nimejaribu nyingine, tabia ile ile. Karibu na prosesa naona kapasita mbili, vile vikopo vya kuhifadhi chaji, zimetuna kidogo juu. Au ndivyo zilivyo?

Moshi wa Risasi: Sivyo zilivyo, mkuu. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Ilaze rula juu yake. Rula ikibembea, hiyo imekwisha. Ile mikato ya msalaba au K kichwani imewekwa makusudi, gesi ikijaa ipate pa kutokea. Na bodi yako ni ya kipindi kibaya: miaka ile ya mwanzo ya 2000 kapasita nyingi zilitiwa elektroliti, yaani majimaji ya ndani, mbovu yenye maji, ikala alumini na kuzalisha hidrojeni.

Kugoma asubuhi nako kunaeleza mengi. Elektroliti ikipungua, ukinzani wa ndani, yaani ESR, hupanda, na baridi huuzidisha; ikipata moto unashuka, ndiyo maana baadaye inakubali.

Usiishie kichwani. Mulika na kitako: nyingine husukuma mpira wa chini zikasimama upande, au huacha ukoko wa kahawia.

Mkia wa Waya: Mimi napima na multimita hapo hapo kwenye bodi. Maikrofaradi, yaani kipimo cha chaji inayobeba, zikitimia, naiacha.

Moshi wa Risasi: Hapo sikubaliani nawe. Zile zimeungwa sambamba, kwa hiyo unasoma jumla ya kundi. Hata ukiing'oa inaweza kutimiza maikrofaradi huku ESR iko juu. Tafuta mita ya ESR.

Sandarusi: Nimemulika. Ya tatu, yenye kichwa bapa kabisa, ina ukoko chini. Nibadilishe hizo tatu tu?

Moshi wa Risasi: Safu nzima, umri wao mmoja. Chukua za ESR ndogo, za kuhimili nyuzi 105 za Selsiasi, maikrofaradi zile zile, volti zisipungue. Piga picha kabla ya kung'oa: mstari kwenye ganda ni upande wa hasi, ila alama nyeupe za kwenye bodi usiziamini, kila mtengenezaji ana zake. Ongeza risasi mpya ya kulehemu kabla ya kuyeyusha ya zamani, maana shaba ya ndani hunyonya joto. Mguu ukigoma usiuvute, utatoka na tundu lake.