Sinema za zamani katikati ya Paris: tuanzie wapi tukiwa na mtoto?

MkaziWaUpanga

Habari zenu, ndugu. Mwishoni mwa Desemba mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka 12 tutapita Paris tukitoka kumtembelea dada yangu anayeishi Ubelgiji. Mnara wa Eiffel na makumbusho ya Louvre tutavizuru kama wageni wote wanavyofanya, lakini kinachonivuta zaidi ni sinema za zamani za katikati ya mji, yaani zile kumbi ambazo si matawi ya kampuni kubwa na ambazo hadi leo zinaonyesha filamu kila siku. Mimi ni mtoto wa Dar es Salaam. Wazazi wangu walinilea kwa simulizi za Empire, Avalon, Odeon na New Chox, na nilipofikia umri wa kwenda sinema peke yangu, zama zile zilikuwa zimekwisha. Kwa hiyo nataka kuketi katika kumbi ambazo hazikufa, nitazame picha mpaka taa ziwashwe, na binti yangu naye aone watu wasiojuana wakicheka pamoja gizani.

Ninaomba ushauri wa mambo matatu. Je, tukiwa na siku tatu tu, ni kumbi zipi zinazostahili kutangulizwa? Je, sisi tusiojua Kifaransa, ila Kiswahili na Kiingereza, tutaelewa chochote? Na tatu, ambalo ni udadisi wangu tu: ni nini kilichoziokoa sinema hizi huko, wakati miji mingi imezipoteza zake?

BintiWaMvita

Karibu sana Paris, kaka. Ninaishi upande wa kusini wa mto Seine, na karibu kila Jumamosi huwa katika mojawapo ya kumbi hizi, kwa hiyo nitakujibu kama mkazi na si kama kitabu cha watalii.

Anzeni na mtaa wa rue Champollion, karibu na Chuo Kikuu cha Sorbonne. Ni kichochoro kifupi unachoweza kukimaliza kwa dakika mbili, lakini ndani yake mna sinema tatu: Le Champo iliyo pembeni kabisa, inapokutana na rue des Écoles, kisha Reflet Médicis na Filmothèque du Quartier Latin. Shukeni kituo cha metro cha Cluny–La Sorbonne, njia ya 10, halafu mtembee kidogo tu. Le Champo ilifunguliwa mwaka 1938 na tangu mwaka 2000 inalindwa na serikali kama jengo la kihistoria, jambo lililokuja baada ya hofu kubwa kwamba ingefungwa. Ukumbi wake mmoja una namna ya pekee ya kuonyesha picha: mwanga wa projekta haurushwi moja kwa moja juu ya vichwa vya watazamaji, bali hupitishwa kwenye vioo kama katika periskopu ya nyambizi, kwa sababu umbo la jengo halikuruhusu mpango wa kawaida. Watazamaji wengi hutoka bila kujua kwamba picha waliyoitazama imefika kwenye pazia kwa njia hiyo, nami huona vizuri mtoto aelezwe kabla ya kuingia.

Msiishie hapo. Mkipanda kidogo kuelekea Panthéon mtafika rue Victor Cousin, ilipo Cinéma du Panthéon, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1907. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, chini ya mtayarishaji wa filamu Pierre Braunberger, ukumbi huu ulitangulia wengine mjini kuonyesha filamu za nje katika lugha zake za asili, wakati filamu zenye sauti zilikuwa ndiyo kwanza zimeingia. Ghorofani kuna ukumbi wa chai ambao upambaji wake ulisimamiwa na mwigizaji Catherine Deneuve, na humo mnaweza kupumzika kati ya filamu moja na nyingine. Mimi hupapenda pale kuliko mkahawa wowote wa mtaani.

Kuhusu lugha, tazameni herufi zilizoandikwa kando ya jina la filamu. VO maana yake ni kwamba filamu iko katika lugha yake ya asili, na maandishi ya tafsiri ya Kifaransa hupita chini ya picha. VF maana yake ni kwamba waigizaji wametiwa sauti za Kifaransa. Katika kumbi za mtaa huu VO ndiyo kawaida, kwa hiyo filamu ya zamani ya Marekani au Uingereza mtaielewa yote. Kuna pia Lost in Frenchlation, wanaoandaa maonyesho ya filamu za Kifaransa zenye maandishi ya Kiingereza. Ratiba hubadilika kila Jumatano, siku ambayo ndiyo pia filamu mpya hutolewa Ufaransa, basi msipange ratiba ya juma zima kabla Jumatano haijafika.

Jambo la mwisho kwa sasa: tafadhali kateni tiketi. Wageni wengi husimama nje, hupiga picha ya mlango, kisha huondoka. Kumbi hizi zinaishi kwa viingilio, na hata mkiwa mnataka tu kuuona ukumbi, onyesho la mchana la filamu msiyoijua ndilo njia halali na nzuri ya kuuona.

Mchora Ramani

Ninakubaliana na dada kuhusu rue Champollion, lakini ninatofautiana naye kuhusu pa kuanzia. Mimi ni msanifu majengo, nilisomea huko, na ninaona kwamba mtoto wa miaka 12 asiyejua bado kwa nini baba yake anapenda sinema za zamani hatashawishika na kichochoro chenye kumbi ndogo zenye viti vichache. Mpelekeni kwanza Grand Rex.

Jengo hili liko boulevard Poissonnière, mbele ya kituo cha Bonne Nouvelle, na lilifunguliwa Desemba 1932. Aliyelijenga ni Jacques Haïk, mtayarishaji wa filamu aliyezaliwa Tunis, akiwatumia msanifu Auguste Bluysen na Mmarekani John Eberson, ambaye sifa yake ilikuwa kumbi zinazomfanya mtazamaji ajione kana kwamba ameketi nje usiku. Ndivyo ilivyo hadi leo: kuta za ukumbi mkubwa zimejengwa kama mji wa pwani ya Mediterania, na dari yake ni anga la bluu lenye nyota zinazowaka. Una viti takriban 2,700 katika ngazi tatu. Wakati wa vita Wajerumani waliunyakua na kuufanya sinema ya askari wao. Haïk, aliyekuwa Myahudi, aliupoteza. Tangu mwaka 1981 umeorodheshwa kuwa jengo la kihistoria. Na msidhani kwamba ukubwa wake unaufanya kuwa tawi la kampuni kubwa, kwani bado uko mikononi mwa familia.

Mmebahatika kwa kuwa mnakuja Desemba. Tangu mwaka 1954, kila msimu wa Krismasi, kabla ya filamu ya watoto huwa kuna onyesho la chemchemi za maji na taa jukwaani, linaloitwa Féerie des eaux. Filamu yenyewe huenda ikawa imetiwa sauti za Kifaransa, hilo msilishangae. Nendeni kwa ajili ya ukumbi na maji. Kateni tiketi mapema, maana familia za Paris hufanya hivyo pia.

Kisha nendeni Louxor, kituo cha Barbès-Rochechouart. Kama ningelazimika kuchagua sinema moja tu ya Paris, ningechagua hii. Msanifu Henri Zipcy aliipamba kwa nakshi za Misri ya kale, yaani nguzo, mosaiki na michoro ya rangi, na ilifunguliwa Oktoba 1921, mwaka mmoja kabla kaburi la Tutankhamun halijagunduliwa, kwa hiyo wanaodhani kwamba iliiga shamrashamra za ugunduzi ule wanakosea. Mwaka 1983 iliacha kuonyesha filamu, ikanunuliwa na kampuni ya maduka ya nguo, ikawa ukumbi wa dansi, kisha ikakaa tupu kwa miaka mingi huku ikiharibika. Wakazi wa mtaa hawakunyamaza. Walijiunga katika vyama, wakaushinikiza uongozi wa jiji mpaka ukainunua mwaka 2003, na baada ya ukarabati mrefu ikafunguliwa tena Aprili 2013. Ukumbi mkubwa, uliorudishiwa mapambo yake, umepewa jina la Youssef Chahine, mwongozaji wa Misri. Kumbi nyingine mbili zilichimbwa chini ili jengo liweze kujiendesha bila kuuharibu ule wa juu. Kwangu huo ndio ukarabati uliofanywa kwa akili: ukumbi wa kale ulihifadhiwa mzima, na nafasi mpya ikatafutwa mahali ambapo hakuna kilichopotea. Kaeni roshani, na fikeni mapema ili mzitazame kuta kabla taa hazijazimwa.

Mwanazuoni wa Picha

Ndugu MkaziWaUpanga, wenzangu wamekuonyesha njia, nami nitalijibu swali lako la tatu, kwa sababu mara nyingi watu husema tu kwamba Wafaransa wanapenda sinema, kana kwamba upendo peke yake hulipa kodi ya pango.

Sababu ya kwanza ni fedha na sheria. Kila tiketi ya sinema inayouzwa Ufaransa hukatwa ushuru maalumu, ambao leo ni asilimia 10.72 ya bei, na fedha hizo haziingii katika matumizi ya kawaida ya serikali bali hupitia taasisi ya taifa ya sinema, CNC, iliyoanzishwa mwaka 1946, ambayo huzirudisha kwa watayarishaji wa filamu na kwa kumbi zenyewe. Maana yake ni kwamba anayekwenda kutazama filamu kubwa ya Marekani katika jumba la kisasa huwa amechangia, bila kujua, ukarabati wa ukumbi mdogo wa mtaa wa pili. Zaidi ya hapo kuna daraja rasmi la kumbi zinazoitwa Art et Essai, ambazo hupata msaada wa ziada kwa kuonyesha kazi ambazo soko peke yake lisingezionyesha. Sababu ya pili ni vyuo. Mtaa wa wanafunzi huzalisha watazamaji wapya kila Oktoba, na filamu ya mwaka 1950 ni mpya kwa kijana ambaye hajawahi kuiona. Ya tatu ni ulinzi wa majengo, mfano mkiwa mmeuona Le Champo na Grand Rex.

Hata hivyo nisingependa uondoke na picha ya mji ambao kila kitu kimenusurika. La Pagode ya rue de Babylone, jengo la mtindo wa Kijapani lililojengwa mwaka 1896 na kuwa sinema tangu 1931, ilifungwa mwaka 2015. La Clef ya mtaa wa rue Daubenton, iliyofunguliwa mwaka 1973, ilifungwa na wenye jengo mwaka 2018. Mwaka uliofuata kundi la wapenzi wa filamu liliingia humo bila ruhusa, likaonyesha filamu kwa kiingilio ambacho kila mtu alijipangia, likafukuzwa na polisi Machi 2022, kisha likachangisha fedha kwa subira mpaka mwaka 2024 likalinunua jengo lenyewe. Ninaitaja hasa kwa sababu inatuhusu: katika miaka ya 1990 ndimo Sanvi Panou, mzaliwa wa Togo, alimoendesha Images d'ailleurs, ukumbi uliojitolea kwa filamu za Afrika na za watu weusi wa mabara mengine. Angalieni ratiba yao kabla ya kwenda.

MkaziWaUpanga

Asanteni sana, nyote mmenijibu kwa ukarimu. Tumepanga siku ya kwanza iwe Grand Rex, ya pili Louxor, na ya tatu rue Champollion pamoja na chai ya Panthéon. Mke wangu anauliza kuhusu Montmartre, kwa kuwa tutalala huko: je, kuna sinema ya zamani ya kutembelea kwa miguu? Nami ningependa kujua kama pale filamu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza bado pana alama yoyote.

BintiWaMvita

Shemeji yangu amebahatika, kwa maana iko Studio 28, katika rue Tholozé, mtaa wa mteremko unaofikika kwa miguu kutoka kituo cha Abbesses au Blanche. Ilifunguliwa mwaka 1928. Desemba 1930 watu wa vyama vya mrengo wa kulia walivamia onyesho la filamu ya mwongozaji wa Kihispania Luis Buñuel, wakamwagia pazia wino na kuchana michoro iliyotundikwa ukumbini, na siku chache baadaye polisi wakaipiga filamu hiyo marufuku, marufuku iliyodumu nusu karne. Leo ni ukumbi mtulivu mno, una baa ndogo na ua wa ndani, na taa za ukutani zilizobuniwa na msanii na mwongozaji Jean Cocteau bado zinawaka kabla ya kila onyesho. Kwa watu wazima wawili, jioni moja hapo inatosha. Kwa binti, angalieni kwanza filamu inayoonyeshwa inafaa umri wake.

Mahali ulipouliza pako boulevard des Capucines, karibu na kituo cha Opéra. Tarehe 28 Desemba 1895, katika chumba cha chini cha Grand Café, ndugu Lumière, waanzilishi wa sinema, waliwatoza watu 33 faranga moja moja kutazama filamu fupi kumi. Sinema haipo tena hapo, kuna hoteli na kibao ukutani kinachoeleza tukio hilo. Kutoka pale hadi Grand Rex ni mwendo ulionyooka wa kuifuata barabara kuu kuelekea mashariki, na mtapita mbele ya Max Linder Panorama, ukumbi ulionunuliwa mwaka 1914 na mchekeshaji mwenye jina hilo. Mkianza na kibao saa nane mchana, mtafika Grand Rex kwa wakati wa onyesho la maji bila kupanda metro.