Mjadala: Je, mtafiti ana haki ya kumpandikizia mtu kumbukumbu ya uongo?

Naleta swali ambalo naona bado halijapata jibu la kuridhisha: je, ni halali mtafiti wa saikolojia kumdanganya mshiriki, hata kumpandikizia kumbukumbu ya jambo ambalo halikumpata, kwa hoja kwamba mwishoni ataelezwa ukweli?

Wanaotetea wana hoja nzito. Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Marekani Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza kuhusu mwendo wa magari hayo. Walioulizwa magari "yalipobamizana" walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa "yalipogusana". Kama wangeambiwa mapema kwamba kinachopimwa ni neno la swali, jaribio lisingekuwa na maana. Faida ya kujua jinsi kumbukumbu ya shahidi inavyoweza kupotoshwa nayo haikuishia darasani, kwani Marekani wamekuwapo wafungwa wengi walioachiwa huru kwa ushahidi wa vinasaba baada ya kufungwa kwa sababu mashahidi, bila nia mbaya yoyote, waliwatambua kimakosa.

Hapo sina ubishi. Ubishi wangu unaanzia mwaka 1995, Loftus na Jacqueline Pickrell walipowapa watu 24 kijitabu chenye visa vinne vya utotoni mwao: vitatu vya kweli, vilivyosimuliwa na jamaa zao, na kimoja cha kubuni, kwamba waliwahi kupotea dukani wakiwa na umri wa miaka mitano hivi. Watu 7 walisema wanakikumbuka, chote au sehemu yake. Wengi wanaousimulia utafiti huu hukomea hapo, ilhali kinachoninyima utulivu ni hatua ya mwisho, ambapo washiriki waliambiwa kwamba kisa kimoja si cha kweli wakaombwa wakitaje: 19 walipatia, na 5 wakataja kisa kilichowatokea kweli.

Ndiyo maana sikubali kwamba kuelezwa ukweli kunatosha. Mwaka 1975 Lee Ross na wenzake waliwapa washiriki matokeo ya uongo ya jaribio la uwezo wao, kisha wakawafichulia kwamba yalibuniwa, na bado washiriki waliendelea kujipima kwa matokeo yale yale. Kilichosaidia zaidi ni kuwafafanulia pia jinsi imani inavyong'ang'ania hata msingi wake unapoondolewa.

Kwangu mimi, kumficha mtu lengo la swali kuhusu filamu na kumbadilishia historia ya maisha yake ni mambo mawili tofauti kabisa. Kwa hilo la pili, mshiriki aambiwe kabla ya kuanza kwamba baadhi ya atakayosimuliwa huenda si kweli, naye achague kuendelea au kuondoka. Nitajibiwa kwamba tahadhari hiyo itaharibu matokeo, na huenda ikawa hivyo. Lakini Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, mwongozo wa Marekani wa maadili ya utafiti unaohusisha watu, inaruhusu kuficha taarifa pale tu ambapo ni lazima kweli, na ambapo hakuna hatari iliyofichwa inayozidi kiwango kidogo. Basi anayepinga anieleze: mtu anapoondoka akiwa anatilia shaka utoto wake halisi, hatari hiyo ni ndogo kwa kipimo cha nani?