MREJESHO: Vitamu vya Idi kwa mama mwenye sukari
Wadau asanteni mno, niliuliza nimuandalie nini mama Idi hii maana ana sukari na halua anaipenda kufa. Basi nikampikia kaimati, akala mbili tu bila kuchovya kwenye shira, zina iliki ya kutosha wala hakulalamika, pembeni korosho na tende moja, tende nayo ni sukari jamani hata kama ni ya asili. Zile biskuti zilizoandikwa hazina sukari niliziacha dukani, unga wa ngano ni uleule, nao unapandisha sukari, na watu wanamaliza pakiti wakidhani ni salama. Halua kaonja kipande cha ncha ya kidole baada ya chakula, masaa mawili mbele tukampima sukari ikasoma 9.1 mmol/L, daktari wake hataki ivuke 10. Nimefurahi sana!